Kurasa Nne Zilizozidi

Aprili 3
Fundi Odur ndiye aliyenitia katika kazi hii ya kuandika. Nilikwenda kwake Nasser Road kumuuliza ninunue printa gani, ya katriji kama hii niliyo nayo au ya tangi kama zile watu wanazojivunia siku hizi, akanicheka. Alisema watu hununua printa kama wanaochumbia kwa picha. Kwanza nijijue: naprinti kurasa ngapi kwa siku, nyeusi ngapi, za rangi ngapi, na siku ngapi mashine inakaa bure. Niandike mpaka mvua hizi ziishe, ndipo atanishauri. Basi naandika, kwa Kiswahili cha baba yangu, aliyekuwa karani wa jeshi na hakuandika lugha nyingine maisha yake yote.

Leo kurasa 38. Mitihani ya chekechea 30, barua ya msikiti 2, picha za pasipoti karatasi moja, mengineyo 5. Mvua asubuhi, umeme umekatika saa mbili nzima.

Aprili 4
Kurasa 21. Katriji nyeusi ina tundu moja lililoziba tangu kabla ya Idi, maana naijaza wino kwa sindano badala ya kununua mpya. Kila baada ya upana wa kidole, mstari mweupe mwembamba kama uzi unakata maandishi kutoka ukingo hadi ukingo. Wateja wa Kibuli hawalalamiki. Wakilalamika nawaambia hiyo ni alama ya duka.

Aprili 7
Kurasa 17. Mvua.

Aprili 8
Kurasa 44. Mteja mmoja, mama wa heshima, aliprinti karatasi za kesi ya talaka, akanishukuru kwa kuwa nilizilaza kifudifudi mezani bila kuzitazama. Ndiyo kanuni yangu. Baba alikuwa akisema mpiga taipu haoni maneno, anaona herufi tu. Siri ya mtu ni amana. Hata mdogo wangu Sadik nimemfundisha hivyo: flashi ikija, chapisha faili bila kulifungua, toa, laza, kunja. Kwa ajili hiyo watu wanapita maduka matatu yenye mashine nzuri wanakuja chumbani kwangu.

Aprili 9
Nilikwenda Bombo kumzika shangazi. Sadik aliacha bodaboda yake akakaa na mashine. Anasema zilitoka kurasa 6. Nimeandika 6.

Aprili 10
Kurasa 12.

Aprili 11
Kuna jambo limetokea hapa nyumbani.

Nyumba yetu ni mizigo mitano, ndivyo tunavyoviita hapa vyumba vya kupanga, kwenye mstari mmoja, mlango kwa mlango. Cha kwanza, karibu na geti, ni cha Shemeji Abudu, msimamizi wa nyumba, aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Cha pili ni cha Okinyi na mkewe. Cha tatu ni cha Alanyo, tunayemwita Mama Ocen, mjane wa polisi kutoka kaskazini, na watoto wake wawili. Cha nne ni changu na Sadik. Cha tano ni cha Faustino, mlinzi wa benki. Leo alfajiri kila mlango umekutwa na karatasi chini yake, imekunjwa mara mbili. Inasema waliomo wahame kabla mvua hazijaisha, la sivyo chumba kitaungua na walio ndani wataungua nacho.

Kila mlango isipokuwa wangu.

Nilipotoka kuteka maji, mke wa Okinyi aliondoka bombani na dumu lake likiwa nusu. Kurasa 9.

Aprili 12
Mama Ocen alikuja mwenyewe, hakutuma mtoto. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaitandaza barua mezani, akaniuliza kama naweza kujua imetoka mashine gani, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa mashine. Hakukuwa na shutuma katika sauti yake.

Niliona mstari mweupe kabla sijaona neno lolote. Upo kila baada ya upana wa kidole, kutoka ukingo hadi ukingo. Alama ya duka.

Nilimwambia sijui.

"Watoto yangu sasa analala na viatu," alisema. "Nimewaambia, moto ikikuja, hapana tafuta nguo, hapana tafuta vitabu. Kimbia tu."

Akaikunja barua, akaitia kifuani, akanitakia siku njema. Kurasa 3. Sikuweza kufanya nyingine.

Aprili 13
Printa ina hesabu yake ya ndani. Ukitoa karatasi ya majaribio, inakuandikia imechapisha kurasa ngapi tangu izaliwe. Nilikuwa na namba ya siku nilipoanza daftari hili, nimetoa na ya leo. Nimejumlisha mara tatu, mara ya mwisho kwa kutumia maharage. Mashine inasema kurasa nne zaidi ya daftari.

Barua zilikuwa nne.

Mimi siku zangu zote niliandika kwa uaminifu. Siku moja tu si yangu, tarehe tisa. Na mwezi uliopita Sadik na Mama Ocen waligombana vibaya juu ya upenu: yeye anaegesha pikipiki pale mvua ikinyesha, naye Mama Ocen ana jiko lake pale. Sadik alisema mbele ya watu kwamba iko siku mwanamke huyo atahama na jiko lake kichwani. Tulicheka wote. Sasa nayasikia maneno yale kila nikimwangalia akila.

Aprili 14
Kurasa 0. Mvua. Sadik ameuliza mbona simpi chai.

Aprili 15
Kurasa 2. Nimeipekua kompyuta. Hakuna faili la barua. Flashi haiachi nyayo, au mimi sijui kuzitafuta.

Aprili 17
Okinyi amehama. Amepakia godoro, meza ya kushonea viatu na mke juu ya kigari, kwenye mvua ile ile, bila kungoja ipungue. Hakuniaga. Mkewe aliniangalia kisha akatema mate pembeni, si mbele yangu hasa, lakini si mbali nami.

Kurasa 5.

Aprili 19
Siwezi kuubeba mzigo huu peke yangu. Leo baada ya alasiri nilikwenda kwa Shemeji Abudu. Ni mtu mzima, ana mvi, alisimamia mazishi ya mume wangu mpaka udongo wa mwisho, na yeye mwenyewe alipata barua. Nilimwambia yote: mstari mweupe, hesabu, Sadik.

Alisugua goti lake. Kisha akaniambia kwa upole nisimwambie mtu. Polisi wakijua, hawatauliza kijana alikuwa anatania au la, watamfunga. Mashine ile ndiyo ushahidi wote, na mashine yenyewe imechoka. Yeye atalinunulia duka langu mashine mpya, ya tangi, kwa ajili ya marehemu. Ile ya zamani ataichukua mwenyewe akaitupe mahali ambapo haitaulizwa.

Nililia pale kwake. Nilirudi nikiwa mwepesi kama mtu aliyetapika. Kurasa 7.

Aprili 20
Pasaka ya wenzetu. Mama Ocen ameniletea sahani ya wali na kuku, imefunikwa kitambaa cheupe, kama anavyofanya kila mwaka, nami humpelekea yake siku ya Idi. Faustino alikuwa akimtazama kutoka mlangoni kwake, nafikiri alishangaa. Nilipokea kwa mikono miwili. Chakula sikukigusa. Nimempa Sadik, naye amekula chote na kulamba vidole, nikamchukia mdogo wangu kwa kula vizuri.

Aprili 22
Kurasa 0. Nilikwenda kwa Odur kumuuliza kuhusu printa za tangi, nijue ninachopokea. Aliniuliza daftari liko wapi. Nikasema nimelisahau.

Akanieleza hivi. Ya tangi ina wino wa chupa, unajaza mara chache kwa mwaka, kurasa maelfu. Ila kichwa cha kuchapia kimejengwa ndani ya mashine, na ukiiacha wiki bila kazi, wino unakaukia humo na maumivu yake ni ya mashine nzima. Ya katriji inakula wino kama bwana harusi, lakini kichwa kiko kwenye katriji yenyewe. Kikiharibika unatupa katriji, mashine haina kosa.

Nilimuuliza, kwa hiyo mstari wangu mweupe uko wapi. Akasema, kwenye katriji. Itie katriji ile ile katika mashine nyingine ya aina hiyo, hata ya Gulu, mstari utakufuata.

Nilirudi kwa miguu mpaka Kibuli, na mvua ikaninyeshea njia nzima. Shemeji anataka kuitupa mashine, nayo haina kosa. Kosa ni katriji, kitu kinachoenea kiganjani. Nilipaswa kumwambia. Sijui kwa nini nimenyamaza. Labda ni uchovu.

Aprili 24
Kurasa 11. Faustino amehamia kambi ya walinzi wenzake. Vyumba viwili vitupu, na geti linagongagonga kwa upepo bila mtu wa kulifunga. Shemeji amesema printa itakuja Jumatatu.

Aprili 26
Naandika kwa penseli kwa sababu kalamu sijui nimeiweka wapi.

Leo saa tisa mchana mvua ilishuka kwa nguvu hata bati zikawa hazisikilizani. Mama Ocen alikuwa sokoni. Watoto walikuwa ndani, niliwasikia wakihesabu kitu kwa sauti, mchezo wao. Nilitoka kuweka beseni chini ya mchirizi, nikasikia harufu ya mafuta ya taa.

Mlangoni kwa Mama Ocen, chini, palikuwa na gunia lililosokotwa na kusukumwa vizuri kwenye ufa wote, kona hadi kona. Lilikuwa linachuruzika mafuta. Juu yake kiberiti kipya, kimewekwa katikati, sawasawa, kama mtu anayeandaa meza. Hakikuwashwa. Kiliwekwa kionekane.

Nilipiga magoti nikalivuta gunia kwa mikono yangu, nikalitupa uani kwenye maji. Nikagonga. Watoto walifungua wakiwa wamevaa viatu. Walinitazama mikono, wakasikia harufu, mkubwa akamvuta mdogo nyuma yake. Walidhani ni mimi.

Niliwaambia ni mimi niliyelitoa. Sikujua jinsi ya kulisema likasikika kweli. Niliketi kizingitini kwao mpaka mama yao aliporudi, nimewapa mgongo ili wasinione uso.

Sadik hakuwepo. Alikuwa Kabalagala na abiria tangu saa sita, wenzake wa stendi wote walimwona, nimewauliza mmoja mmoja. Kwa hiyo nani?

Aprili 27
Nimemuuliza. Ningemuuliza siku ya kwanza, siku zote hizi zisingekuwapo, lakini niliogopa jibu kuliko nilivyoogopa moto.

Nilifunga mlango, nikamwekea barua mkononi, niliyoiomba jana kwa Mama Ocen. Nikamuuliza tarehe tisa alichapisha nini ambacho hakukitaja. Sadik aliitazama barua kama mtu anayeona sura yake kwenye maji machafu.

"Dada, mimi sikusoma," alisema. "Shemeji Abudu alikuja na flashi, akataka kopi nne. Akasema ni ya nyumba, hapana andika. Nikatoa, nikalaza, nikakunja. Wewe ndiye ulinifunza hapana soma."

Nilikaa chini sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekwenda kwake mwenyewe, nimekaa kwenye mkeka wake, nimelia, nimemuuzia mdogo wangu. Naye alinipa leso.

Na kesho anakuja kuchukua mashine.

Aprili 28
Alikuja saa nne na boksi kubwa limefungwa nailoni, na mtu wa kumbebea. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Nilikuwa nimeshaamka kabla ya adhana, nikatoa katriji yenye mstari, nikaifunga kwa karatasi, nikaitia ndani ya debe la mchele. Katika mashine nikaweka katriji ya zamani iliyokauka, kitu cha kutupwa.

Nilijiegemeza mezani. Shemeji alikuwa mchangamfu. Aliifungua mpya, akanionyesha matangi manne yanavyong'aa, nyeusi, bluu, nyekundu, njano. Nikaikubali kwa mikono miwili, kama nilivyoupokea wali wa Mama Ocen. Kisha alimtoa mbebaji nje, akaniambia mwenye kiwanja hiki anataka kujenga maduka, vyumba vikiwa vitupu mvua zikiisha. Duka moja la mbele ni lake yeye, ameahidiwa. Na pembeni yake atanipa kona ya kuweka mashine yangu.

"Wewe sikukuletea barua, shemeji," alisema. "Uliona? Mimi na marehemu tulikula sahani moja. Na huyu mdogo wako Sadik, bodaboda yake inapita mbali sana, barabara ni mbaya. Mwambie aende pole pole."

Aliichukua mashine ya zamani chini ya kwapa kama kuku. Baadaye Sadik alisikia stendi kuwa amelipia pikipiki mpaka Bwaise akaitumbukiza kwenye mtaro uliofurika. Mpya sijaiwasha. Iko mezani na inanitazama.

Aprili 29
Nilikwenda kwa Mama Ocen. Nilikuwa nimepanga maneno mengi juu ya baba yangu na kanuni yake, na siri za watu, na hofu. Yote yalipotea mlangoni. Nilimwambia barua ilitoka kwangu, aliyeileta ni Abudu, na ushahidi uko kwenye debe la mchele.

Alikuwa akichambua mboga. Hakuacha.

"Ulijua barua ni ya mashine yako siku gani?"

"Siku ile ile uliyonionyesha. Tarehe kumi na mbili."

Aliweka kisu chini. Alihesabu kwa vidole, polepole, kama anayewafundisha watoto.

"Kumi na saba," alisema. "Siku kumi na saba watoto yangu analala na viatu, na wewe jirani unajua."

Alichukua kisu tena. Kisha akasema kwamba ofisi ya mwenyekiti wa mtaa inafunguliwa Ijumaa, maana Alhamisi ni sikukuu, na kwamba nije na hicho kitu cha kwenye mchele na nisimwambie hata kivuli changu. Hakunitazama tena.

Aprili 30
Kurasa 0. Naogopa kila hatua inayopita mlangoni. Sadik nimemwambia asiendeshe.

Mei 2
Bi Nabangala, mwenyekiti wetu, aliwaita wote uani kwake, chini ya turubai, mvua ikidondoka pembeni. Odur aliitwa pia, akaja na printa ya aina ile ile kutoka dukani kwake. Abudu alikuja na kanzu safi, akatusalimu wote kwa majina.

Odur alitia katriji yangu. Karatasi ilitoka polepole, na sauti yake ilikuwa ndiyo sauti pekee pale. Bi Nabangala aliiweka juu ya barua ya Mama Ocen, akaziinua pamoja kwenye mwanga. Mstari ulikaa juu ya mstari.

Abudu alisema printa zote za wino hufanya hivyo. Odur akajibu, bila kupandisha sauti, kwamba tundu la katriji moja halizibi mahali pamoja na la katriji nyingine, na kwamba kazi hii ameifanya miaka kumi na minne. Sadik akasimama akasema ya tarehe tisa. Aliyasema yote. Watu wakaanza kunong'ona.

Ndipo Abudu akanigeukia. Alikuwa mpole vile vile.

"Muulizeni huyu dada alijua lini," alisema. "Alikuja kwangu analia. Aliniomba nimfichie. Mashine niliitupa kwa kumsaidia yeye."

Nilijua atalisema. Wote walinitazama, na Mama Ocen alikuwa anatazama miguu yake. Ningeweza kusema anadanganya, na wengi wangeniamini, kwa kuwa tayari walikuwa wamemchoka. Lakini maneno yale yalikuwa kweli, isipokuwa la mwisho.

Nilisema ndiyo. Nilijua tangu tarehe kumi na mbili, nikanyamaza, nikidhani namficha mdogo wangu. Na mashine ya tangi iliyo chumbani kwangu ndiyo aliyoninunulia nizidi kunyamaza, nimeirudisha ndani ya boksi, ije kuchukuliwa.

Polisi wa kituo walimchukua Abudu jioni. Atakaa siku ngapi sijui. Ana ndugu, na mmoja wao alisimama getini kwetu mpaka giza, hakusema kitu, akaenda.

Mei 3
Kituoni wanataka maelezo yangu yaliyochapwa. Odur ameniazima ile mashine ya dukani, bado ina katriji yenye mstari, mpaka nitakapopata yangu. Ameniuliza kama nimeshaamua, katriji au tangi. Nimemwambia katriji. Kitu kikiharibika, nijue kilipo na niweze kukishika mkononi.

Ukurasa mmoja. Niliutoa, mkono ukataka kuulaza kifudifudi kwa mazoea. Nikaugeuza nikausoma, kutoka juu mpaka chini, mara tatu. Mstari mweupe umepita katikati ya jina langu. Sikuuchapa upya.

Viatu vya watoto bado havilali nje ya mlango wa tatu kama zamani.

Mei 5
Kurasa 8, zote nimezisoma. Mteja mmoja ameudhika kwa hilo, amechukua karatasi zake akaenda duka jingine. Ndugu yake Abudu amepita tena getini, polepole.

Mei 6
Kurasa 4. Mvua.

Mei 9
Kurasa 14, nimezisoma. Asubuhi nimekuta jozi mbili za viatu vidogo nje ya mlango wa Mama Ocen, vimelowa. Nimevisogeza chini ya upenu.